Fundi Anajibu: Anza na Kufuli Lako Mwenyewe

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba hata siku isiyo na mteja huwa nakaa mezani pangu, Mtaa wa Swahili hapa Dar es Salaam, nikifungua makufuli bila ufunguo kwa sababu napenda. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko za mada yoyote niliyowahi kuandika hapa. Nimechagua hizi. Ambao barua zao hazimo, swali lenu lipo humu kwa mkono wa mwingine.

*Shikamoo Mama Fundi. Nasoma ufundi umeme na naishi Mbezi Luis. Natamani kujifunza kuchokonoa kufuli, si kwa kazi, kwa kujifurahisha tu. Nianze na kufuli gani? Vifaa napata wapi? Seti nilizoziona mtandaoni, ukijumlisha usafiri na ushuru, zinanishinda. — Kijana wa Mbezi Luis*

Marahaba mwanangu. Vifaa tuviweke pembeni kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Mtu ananunua waya ishirini za kila umbo, anazichomeka kwenye tundu la ufunguo, anachokoachokoa wiki nzima na hajui anachokigusa ni nini. Kabla hujalifungua kufuli kwa nje, lione kwa ndani.

Nenda kwa mafundi wa milango ya alumini. Mteja akibadilisha kitasa, ile silinda ya zamani, yaani kipande cha chuma kinachopokea ufunguo, huishia kwenye ndoo ya chakavu. Omba moja, ila hakikisha ina ufunguo wake. Ukifika nyumbani tandika taulo mezani, maana springi zake ni ndogo kuliko punje ya mchele na zikiruka hutaziona tena. Toa kile kipete cha chuma kinachoshika kiini kwa nyuma; kiini ni ile sehemu ya duara inayozunguka pamoja na ufunguo. Chomeka ufunguo, uzungushe kidogo, kisha kisukume kiini kitoke polepole huku kijiti cha mbao chenye unene uleule kikikifuata nyuma bila kuacha nafasi. Silinda nyingi za namna hiyo zinataka kijiti cha takriban milimita 13. Kile kijiti ndicho kinachozizuia pini za juu na springi zake zisimwagike.

Sasa tazama ulichoshika. Kiini kina matundu yaliyopangwa mstari mmoja, na kila tundu lina pini fupi ya shaba. Hizo ni pini za chini, zinazoguswa na ufunguo. Juu yake, kwenye mwili wa silinda, ziko pini za juu zinazosukumwa na springi. Bila ufunguo, pini za juu zinashuka hadi ndani ya kiini na kukizuia kisizunguke. Ufunguo sahihi unaziinua zote hadi mahali pini ya chini inapokutana na ya juu pawe sawasawa kwenye mpaka wa kiini na mwili. Mpaka ukiwa mtupu, kiini kinazunguka. Mpango huu ulikuwepo Misri ya kale kwa pini za mbao, na Mmarekani Linus Yale mdogo ndiye aliyeutengeneza kwa chuma kwa namna tunayoijua leo, akapata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1861. Kufuli ulilofungia geti lako leo asubuhi huenda ni mjukuu wake.

Ingekuwa matundu yale yametobolewa kwa mstari ulionyooka kabisa, ingetupasa kuziinua pini zote kwa wakati mmoja, na hakuna mkono wa binadamu ungeweza. Lakini hakuna mashine inayotoboa hivyo. Tundu moja limekwenda kushoto unywele mmoja, jingine kulia. Kwa hiyo ukikikaza kiini kidogo, zote zinabaki legelege isipokuwa moja, ile inayobanwa ya kwanza. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Ukiiinua hadi mpakani, kiini kinasogea kiasi cha kuhisiwa tu, unasikia kitu kimekaa, halafu pini nyingine inashika zamu ya kubanwa. Unaenda hivyo, moja baada ya nyingine, na si lazima zifuatane kwa mpangilio wa matundu. Ufundi mzima ni huo. Mengine yote ni mazoezi ya vidole.

Vifaa vya kuanzia ni viwili tu. Cha kwanza ni cha kukazia. Pita gereji za Gerezani uombe waipa mbovu za gari. Ndani ya ule mpira kuna vipande viwili vyembamba vya chuma chenye springi. Kata kiasi cha kidole, pinda ncha yake kwa plaizi iwe na kona, umemaliza. Cha pili ni ndoano ya kuinulia pini. Chukua bledi ya msumeno wa chuma. Unene wake ni kama milimita 0.6, unaotufaa kabisa. Chora umbo kwa kalamu ya wino, upande wa mbele uwe mwembamba na ncha ipande juu kidogo, halafu isage kwenye jiwe la kunolea. Chovya kwenye maji kila baada ya msago mfupi. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ujue umekiunguza na kitapinda. Malizia kwa tupa ndogo na msasa mpaka kingo zote ziwe laini. Ndoano yenye makali inakwangua pini, na inakudanganya, kwa sababu mkwaruzo wake unafanana na pini inayosogea.

Sasa rudi kwenye ile silinda uliyoifungua. Usizirudishe pini zote. Rudisha moja, irudishe silinda katika hali yake, uifungue. Itakuchukua pumzi moja, na hapo ndipo kidole kinapojifunza jinsi pini iliyokaa inavyojisikia, bila kelele za wenzake. Kisha mbili. Ukifika ya tatu utakutana na jambo lenyewe: utakosea zamu, na itabidi uanze upya.

Kuhusu nguvu ya kukaza, hili nalirudia kwa kila anayekaa kwenye benchi langu. Wanaume hasa hukaza mno. Ukikaza sana pini zote zinabanwa pamoja na huwezi kujua ipi ni ya kwanza. Mkazo wake ni ule unaobonyezea embe sokoni kujua kama limeiva, usiozidi hapo. Kidole kimoja, na usishike kwa ngumi. Ukiona ukucha umegeuka mweupe, legeza.

Makufuli madogo ya shaba ya bei ya chini, yale ya pini tatu au nne, ndiyo yanayofuata baada ya hiyo silinda. Vitasa vya leva, vile vya milango ya mbao vyenye ufunguo mrefu wa bapa, viache kwanza. Ndani vina mpango mwingine, uliotokana na kazi ya Mwingereza Robert Barron ya mwaka 1778, na vinahitaji kifaa chake.

*Dada Fundi, habari za kazi. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Chini ya kitanda chake nimekuta boksi la makufuli mabovu na waya za kupinda. Hajaiba, hajafukuzwa shule, ila baba yake anasema tunalea mwizi. Nimnyang'anye? — Mama wa Tabata*

Salama mama. Usimnyang'anye. Ila swali la baba ni la haki, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Nimebadilisha makufuli ya watu waliovunjiwa tangu nikiwa msichana nikimshikia marehemu baba tochi. Njia ni zilezile: komeo limeng'olewa kwa nondo pamoja na misumari yake, kufuli limekatwa kwa mkasi mkubwa wa chuma, kioo cha dirisha kimetolewa. Mwizi ana haraka na hana subira ya kukaa mlangoni akisikiliza pini. Kijana anayeweza kukaa kimya saa nzima juu ya kufuli moja ana kitu ambacho walimu wanakitafuta kwa tochi.

Na mchezo huu una heshima yake ya muda mrefu. Fundi wa Kiingereza Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli lake mwaka 1784, kisha likawekwa kwenye dirisha la duka lake London na tangazo: atakayelifungua bila ufunguo apewe gini 200, fedha ya Kiingereza ya zamani. Likakaa pale zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, akaja Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Alianza na kufuli la kampuni ya Chubb, lililosifika kwa kugundua aliyelichezea, akalifungua kwa kama dakika 25. Kisha akalikalia la Bramah. Lilimchukua saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, na akalifungua, akalipwa. Hobbs hakuwa mwizi, alikuwa muuzaji na mtengenezaji wa makufuli. Waingereza walikasirika, magazeti yakaandika, na baada ya hapo watengenezaji wakalazimika kutengeneza makufuli bora. Mama, kufuli lisilojaribiwa na mtu mwema litajaribiwa na mbaya, na siku hiyo hakuna atakayekuja kukuambia lina kasoro.

Siku hizi kuna vyama vyake kabisa. Ujerumani kipo chama kilichoanzishwa mwaka 1997, Uholanzi wapo, na hushindana kwa saa mezani. Wana masharti mawili wanayoyashika sana: usifungue kufuli lisilo lako isipokuwa mwenyewe amekuruhusu, na usichezee kufuli linalotumika.

Hilo la pili watu hulidharau, kwa hiyo mweleze mwanao sababu. Kuchokonoa kunachosha pini na springi. Na mtu akikizungusha kiini nusu mduara, pini za juu zinaweza kudondokea kwenye mfereji wa ufunguo ulioko chini, kiini kikagoma pale kilipo. Kwenye kufuli la mazoezi ni somo zuri. Kwenye mlango wa mbele saa tatu usiku, na baba amesimama nje na mkoba, ni balaa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Boksi litoke chini ya kitanda, likae sebuleni mahali pa wazi. Mwambie aandike kwenye daftari kila kufuli amelipata wapi na kwa nani. Na siku moja baba yake akae naye, amwombe amfundishe kufungua moja. Atakayemwona mwanawe akifumba macho asikie pini haitamwia rahisi kurudia neno lile.

*Mama Fundi, shikamoo. Kufuli langu la pini tano lilikuwa linakwenda vizuri, pini zote zikakaa, kiini kikazunguka kidogo kisha kikagoma kabisa. Nikiachia, zote zinaanguka. Nimejaribu mpaka vidole vimechubuka. — Temeke Mikoroshini*

Marahaba. Pumzisha vidole kwanza, vilivyochubuka havisikii.

Ulichokipata ni mtego, na ukitegwa ujue umefika mbali. Ndani ya kufuli lako kuna pini ya juu yenye kiuno: nene juu na chini, nyembamba katikati. Ulipoiinua, kile kiuno kiliingia mpakani na kiini kikapata nafasi ya kuzunguka zaidi ya kawaida, ukadhani kazi imekwisha. Kumbe ukingo wa chini wa pini umenasa.

Usiachie. Ukiwa umekaza vilevile, gusa kila pini kwa zamu, taratibu. Zilizokaa sawa hazitakujibu chochote. Moja itakujibu: ukiisukuma juu, utahisi kiini kinarudi nyuma na kukisukuma kile kifaa chako cha kukazia dhidi ya kidole. Ni hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokaza zaidi kwa hofu ya kupoteza walichopata. Wewe legeza, kidogo sana, ukubali kiini kirudi kinavyotaka huku ukiendelea kuisukuma pini. Ukingo utapita mpaka, na utasikia mlio wake ni mzito kuliko wa pini ya kawaida. Huenda moja au mbili nyingine zikaanguka katika kurudi huko. Ziinue tena, hazitakusumbua. Nina mwanafunzi, binti wa jirani yangu, ambaye akifika hapo huacha kutazama kufuli na kukodolea ukuta. Mwanzoni nilidhani amechoka. Ndivyo anavyosikiliza, na kwa pini za kiuno amenipita mimi mwalimu wake.

*Fundi, nakusalimu. Nilinunua kufuli la mtumba la kujifunzia, hata kwa ufunguo wake linafunguka kwa shida. Ndoano haisikii chochote. Nakaa Kigamboni karibu na bahari. — Msomaji*

Chumvi hiyo, ndugu yangu, na aliyekuwa nalo kabla yako huenda alilimiminia mafuta ya kupikia, ambayo yameshika vumbi na kuganda. Lisuuze kwa mafuta ya taa, upitishe ufunguo ndani na nje mara nyingi, ulikung'ute, uliache likauke vizuri mbali na jiko na moto. Kisha saga risasi ya penseli iwe unga, ipake kwenye ufunguo, upitishe tena. Usiongeze mafuta mazito. Kama hata baada ya hapo ufunguo wenyewe unang'ang'ana, achana nalo. Kufuli bovu halimfundishi mtu chochote zaidi ya hasira.

*Mama Fundi, nisaidie. Nimepanga chumba Sinza, nimechelewa kodi ya mwezi mmoja. Nimerudi nikakuta mwenye nyumba ameweka kufuli lake juu ya mlango wangu. Vitu vyangu vyote vimo ndani. Nielekeze namna ya kulifungua, ni kufuli dogo tu. — Mpangaji wa Sinza*

Pole sana mdogo wangu, na pole yangu ni ya kweli. Lakini sitakuelekeza. Vitu ni vyako, chumba unakipanga wewe, kufuli ni lake. Ukilifungua, kesho atasema umeiba hata kile ambacho hakikuwemo, na utajitetea ukiwa umeshika waya mkononi.

Nenda leo hii kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uende na mkataba au risiti za kodi uliyokwisha kulipa. Mwombe amwite mwenye nyumba na mlango ufunguliwe mbele yake. Mengi huishia hapo. Asipokubali, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa ajili ya migogoro ya namna hii. Mimi mwenyewe nikiitwa kufungua mlango, hata mwenye kuniita awe analia, huwa nasubiri mjumbe au jirani wawili waje waseme ndiyo, huyu anakaa hapa. Wateja wengine wamenikasirikia na kwenda kwa fundi mwingine. Waende.

*Shikamoo. Je, polisi wakinikuta na vifaa vyangu kwenye daladala nitakuwa na kosa? Na je, kuna mahali hapa Dar tunaweza kukutana sisi wapenzi wa mchezo huu? — Wa Kimara Korogwe*

Marahaba. La kwanza lichukulie kwa uzito. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kuithibitisha sababu hiyo ni juu yake yeye. Mchana kinachotazamwa ni nia ya kutenda kosa. Wewe unajua ndoano yako ni ya mchezo. Askari wa doria saa nne usiku pale Ubungo hajui, na siwezi kumlaumu. Kwa hiyo vifaa vikae nyumbani kwenye meza yako ya mazoezi. Usiviweke kwenye begi la shule wala la kazini, usivining'inize kwenye funguo za nyumba kama pambo. Usijitengenezee ufunguo malaya, ule unaofungua makufuli mengi, na kutembea nao ukiwaonyesha watu. Na usimfungulie rafiki kufuli barabarani kwa sifa, hata akiapa ni lake.

La pili, njoo Mtaa wa Swahili Jumamosi baada ya adhuhuri, wakati wateja wamepungua. Vifaa vipo kwangu, usibebe vyako. Benchi ni refu, jiliwa lipo, na hao walioandika barua hizi nimewaambia vivyo hivyo. Njoo na kufuli lako pamoja na ufunguo wake. Nitaufungia ufunguo kwenye droo mpaka umalize, na kama hukufanikiwa utarudishiwa, utakuja Jumamosi nyingine. Atakayeleta kufuli lisilo na ufunguo nitamuuliza amelitoa wapi, na jibu lisiponiridhisha hatakaa kwenye benchi langu.